Kuacha Tumbaku Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo kwa Mkazi wa Mlowo

Ndugu msomaji, ikiwa umekata shauri, au unakaribia kukata shauri, kwenda kwa mpasuaji ili akupunguzie unene uliokushinda kwa chakula cha kipimo, kwa matembezi na kwa dawa, na ikiwa wakati huohuo wewe ni mvutaji wa sigara au kiko, au mtumiaji wa ugoro, basi mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Muradi wake ni mmoja tu: kukuthibitishia kwamba sehemu ya kwanza ya upasuaji wako hufanyika hapahapa Mlowo, wiki kadhaa kabla ya kulazwa juu ya meza ya hospitali, siku ile utakayoizima sigara yako ya mwisho. Sehemu ya pili ni ya mpasuaji, naye ameisomea miaka mingi. Sehemu ya kwanza ni yako, wala hapana mtu mwingine awezaye kukutendea.

Upasuaji wenyewe na njia ya kuufikia

Upasuaji wa kupunguza uzito si jambo geni ulimwenguni. Mwaka 1966 tabibu Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwafanyia wagonjwa wanene upasuaji wa kukipitisha chakula njia ya mkato, na tangu hapo elimu hiyo imekua, ikasafishwa, ikaenea katika mabara yote. Katika nchi yetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili kwenye tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, imeanza katika miaka hii ya 2020 kutoa huduma ya puto, ambalo huingizwa katika mfuko wa chakula bila kisu, na pia huduma ya upasuaji wenyewe. Aina mbili za upasuaji ndizo zifanywazo zaidi duniani. Katika ya kwanza, karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi hukatwa na kuondolewa, ukabaki mfereji mwembamba. Katika ya pili, kifuko kidogo hutengwa juu, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita kando ya sehemu kubwa ya tumbo.

Upasuaji huu si wa kila mtu aliyenenepa. Matabibu hutazama uwiano wa uzito na urefu, ambao hupatikana kwa kuugawa uzito kwa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mathalani mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 109 ana uwiano wa 40. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba anayefaa ni mwenye uwiano wa 40 na zaidi, au wa 35 na zaidi ikiwa ana maradhi yaletwayo na unene, kama kisukari au shinikizo la damu. Na mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa fani hiyo vilikilegeza kiwango hicho, vikakubali 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Mkazi wa Mlowo huanzia kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iliyoko Vwawa, na pengine hupitia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kabla ya kufunga safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam. Pima mwenyewe hasara ya mtu aliyeuza magunia yake ya kahawa, akakopa kwa ndugu, akasafiri umbali huo, kisha akaambiwa na madaktari kwamba hapasuliwi kwa kuwa damu yake ingali na tumbaku.

Kwa nini moshi na kisu havipatani

Moshi wa sigara umebeba hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo ni hewa ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, msiba ambao wakazi wa nyanda hizi za baridi hawauhitaji kusimuliwa. Hewa hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ya mvutaji huzunguka mwilini ikiwa imenyang'anywa sehemu ya mzigo wake. Ama nikotini, ambayo ndiyo kiini cha uraibu wote, hiyo huibana mishipa midogo ya damu. Tazama alfajiri ya Juni au Julai, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, dereva wa lori na utingo wake wamejikunyata katika makoti, sigara mdomoni, wakiamini kwamba wanajipasha moto. Ilhali nikotini inaizuia damu isifike kwenye ngozi, na vidole vyao vinazidi kupoa. Jambo lilo hilo linalotendeka katika vidole hutendeka katika jaraha la mtu aliyepasuliwa, nalo jaraha halina chakula kingine ila damu. Mfano wake ni mche wa kahawa uliohamishwa kutoka kitaluni: ukiukatia maji katika wiki za mwanzo, hauponi hata ardhi iwe na rutuba ya namna gani.

Katika upasuaji wa kupunguza uzito shida hiyo ni nzito kuliko katika upasuaji wa juujuu, kwa sababu mshono wenyewe uko ndani, juu ya kiungo ambacho kila siku hupokea chakula na tindikali kali. Mfuko wa chakula ukikatwa hufungwa kwa mstari mrefu wa pini ndogo za madini, na nyama za pande mbili hutakiwa kushikana na kuwa kitu kimoja. Damu ikipungua, kushikana kunachelewa, na mahali pakiachia hata padogo, majimaji ya tumbo huvuja yakaingia katika uwazi wa mwili na kuleta uambukizo wa kuhatarisha maisha. Kwa yule aliyepitishiwa chakula njia ya mkato kuna hatari nyingine, nayo ni kidonda kinachotokea palepale utumbo ulipounganishwa, kidonda ambacho huuma, hutoa damu, na mara nyingine hutoboka. Na miongoni mwa sababu zake tumbaku ni ya mbele kabisa.

Yako pia mapafu. Mtu mnene anapopewa nusukaputi huwa tayari na kifua kizito, kwani uzito wa mwili huyabana mapafu anapolala chali. Akiwa mvutaji, njia zake za hewa zimejaa makohozi, na vinyweleo vidogo ambavyo kazi yake ni kuyafagia makohozi hayo nje vimelemazwa na moshi, basi homa ya mapafu humvizia baada ya kuamka. Fauka ya hayo, unene na uvutaji, kila kimoja kwa upande wake, huifanya damu iwe nyepesi kuganda katika mishipa ya miguu, na donge lililoganda huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua ghafla. Haya hayaandikwi ili kukutisha uuache upasuaji, kwani kwa wengi wanaoustahili upasuaji huu una manufaa makubwa. Yameandikwa ili uione dhahiri hatari ambayo wewe mwenyewe una uwezo wa kuipunguza kabla hujafika kwa mpasuaji.

Muda unaotakiwa

Mwongozo wa vyama vya wataalamu wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 unasema mvutaji aache mapema iwezekanavyo, ikiwezekana mwaka mzima kabla, na kwa uchache kabisa wiki 6. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya Januari 2020, lilieleza kwamba mvutaji anayeacha wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupungukiwa sana na hatari ya matatizo, na kwamba kila wiki moja isiyo na tumbaku baada ya hizo 4 huyafanya matokeo yawe bora kwa asilimia 19. Kabla ya hapo, mwaka 2002, matabibu wa Denmark walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 120 waliokuwa wakingoja kubadilishiwa nyonga au goti: miongoni mwa waliosaidiwa kuacha au kupunguza sigara wiki 6 hadi 8 kabla, waliopata matatizo baada ya kupasuliwa walikuwa asilimia 18, ilhali kwa wale walioachwa na desturi yao walikuwa asilimia 52. Goti si tumbo, lakini jaraha ni jaraha, na damu inayoliponya ni moja.

Kwa hiyo hesabu wiki 6 kwa kurudi nyuma. Ukipangiwa kupasuliwa tarehe 15 Septemba, siku yako ya mwisho ya kuvuta isipite tarehe 4 Agosti. Na maadamu safari ya rufaa ina vituo vingi, na tarehe huweza kusogezwa mbele au nyuma, lililo bora ni kuacha tangu siku unapoomba barua ya rufaa, bila kungoja kupangiwa. Zipo pia habari zinazotembea vijiweni kwamba mtu akiacha ghafla karibu na upasuaji hudhurika zaidi; habari hizo hazina ithibati. Dakika kama 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Katika muda wa siku moja ile hewa ya sumu huwa imetoka katika damu kwa sehemu kubwa. Katika wiki zinazofuata vile vinyweleo vya mapafu huamka na kurudia kazi yao, na ndiyo maana wengine hukohoa zaidi mwanzoni, ishara ya usafi wala si ya ugonjwa mpya. Aliyechelewa, basi, asikate tamaa akavuta hadi mlangoni mwa hospitali: aache leo, amweleze tabibu, na tabibu ndiye atakayeamua kama tarehe isogezwe.

Namna ya kuacha

Kwanza, weka siku. Usichague siku ya malipo ya kahawa, wala ya harusi, wala ya matanga, maana siku hizo zina mikono mingi ya kukukaribisha sigara. Chagua siku ya kawaida iliyo karibu, ndani ya wiki mbili, uiandike katika daftari, na uihesabu kuwa ni ahadi.

Pili, katika siku zinazotangulia, andika katika daftari hilohilo kila sigara unayovuta: saa, mahali na sababu. Kwa kuwa sigara huuzwa moja moja, wengi hujidanganya kwamba wanavuta chache, lakini daftari halidanganyi. Utaona kwamba ipo ya kuamkia, ipo ya baada ya ugali, ipo ya stendi unapongoja gari, ipo ya kilabuni, ipo ya hasira. Na kila moja itahitaji dawa yake. Anayeivuta ya kwanza katika nusu saa baada ya kuamka ajue kwamba uraibu wake ni mzito, na kwamba atafanya vema kutafuta msaada wa tabibu tangu mwanzo badala ya kutegemea ushujaa peke yake.

Tatu, waambie watu wako. Mwambie mkeo au mumeo, watoto, na rafiki unayevuta naye. Na usimsahau muuzaji. Kijana wa kibandani, ambaye kwa miaka ameizoea hatua yako, atakunyooshea sigara kabla hujaomba, akikuambia, "Shikamoo mzee, ya kwako hii hapa." Mjibu kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Nimeacha; naenda kupasuliwa, na daktari ameniharamishia. Usinipe hata nikikuomba." Maneno hayo yakisemwa mara moja mbele ya watu, heshima yako yenyewe hugeuka mlinzi wako.

Nne, ondoa vyombo. Kibiriti cha mfukoni, kisahani cha majivu, kopo la ugoro, kiko cha urithi, vyote vitoke chumbani. Koti linalonuka moshi lifuliwe na kuanikwa. Ikiwa katika nyumba yuko mvutaji mwingine, mwombe avutie nje, mbali na dirisha, maana moshi wa mwenzio nao huingia katika damu yako na huiamsha hamu.

Tano, uliza habari za dawa. Zipo dawa za bandiko la ngozi na za ubani wa kutafuna zenye nikotini isiyo na moshi, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na zipo tembe za vareniklini na bupropioni zilizoingizwa mwaka 2021. Bandiko na ubani huongeza kwa nusu na zaidi kidogo uwezekano wa mtu kufaulu kuacha. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Huenda usizikute katika duka la dawa lililo karibu nawe, hivyo muulize mfamasia wa hospitali Vwawa au Mbeya. Na kwa kuwa baadhi ya wapasuaji hawapendi nikotini ya aina yoyote katika wiki za mwisho, usianze kuzitumia pasipo kumjulisha tabibu atakayekupasua.

Sita, jifunze kuipisha hamu. Hamu ya tumbaku huja kwa ghadhabu, lakini haikai. Aghalabu dakika chache hupita nayo ikalegea, uvute usivute. Katika dakika hizo kunywa maji taratibu, tafuna mswaki wa mti, inuka utembee hadi barabarani na kurudi, au fanya kazi ya mikono miwili ambayo haikuachii nafasi ya kushika kitu. Siku tatu za mwanzo ndizo kali kuliko zote: usingizi hukatika, hasira huwa karibu, fikira hutawanyika; baada ya wiki mbili hadi nne mengi ya hayo huwa yamekwisha. Waombe watu wa nyumbani subira kwa muda huo, na wao wakupe bila kukusimanga.

Saba, punguza kahawa na chai iliyokolea. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liiharibu kafeini upesi. Mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa katika damu muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile alivyovizoea humletea mapigo ya moyo, mikono kutetemeka na kukosa usingizi, akadhani ni adhabu ya kuacha sigara. Nusu ya kiasi cha zamani yatosha. Kwa sababu iyo hiyo, anayetumia dawa za kila siku, na hasa mwenye kisukari, amjulishe tabibu siku anayoacha, kwa kuwa vipimo vya baadhi ya dawa huweza kuhitaji kurekebishwa.

Nane, jiepushe na kilabu kwa muda. Pombe na sigara ni masahibu wa siku nyingi, na wengi walioshinda wiki nzima wameangushwa na jioni moja. Nawe utahitaji kuipunguza pombe kwa vyovyote, kama itakavyoelezwa mbele.

Hofu ya kuzidi kunenepa

Wako wasemao, na hoja yao ina haki ya kujibiwa: "Mimi naenda kupunguzwa uzito, nikiacha sigara nitanenepa zaidi, je, si kujipinga mwenyewe?" Ni kweli kwamba nikotini huififiza njaa na kuufanya mwili uunguze chakula kwa kasi zaidi kidogo, na kwamba wanaoacha huongezeka, kwa wastani, kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Lakini zipime kilo hizo katika mizani ya haki. Mtu mwenye kilo 120 akiongezeka kilo 3 kabla ya upasuaji, hizo zitaondoka pamoja na nyingine nyingi katika miezi ya baadaye. Ama mshono ukivuja, au donge la damu likifika mapafuni, kilo 3 alizojizuia kuzipata hazitamfaa kitu.

Pamoja na hayo, ongezeko lenyewe laweza kupunguzwa. Wilaya yetu ya Mbozi haina haja ya kukuletea chakula kutoka mbali: maharage, mboga za majani, kabichi, karoti, mayai na samaki vipo sokoni, navyo hushibisha bila kuzidisha. Parachichi ni tunda jema, lakini lina mafuta mengi, basi nusu yake yatosha kwa mlo. Kinachofaa kuepukwa ni soda, chai ya sukari nyingi, maandazi na chipsi, hasa pale mkono uliozoea sigara unapotafuta kitu cha kushika. Tembea kila siku nusu saa ikiwa moyo na magoti yako yanaruhusu, maana matembezi hupunguza hamu ya tumbaku, huzoeza mapafu, na hukuandaa kuinuka kitandani mapema baada ya upasuaji. Matabibu wengi, tena, humpa mgonjwa chakula chepesi maalumu katika wiki mbili hivi za mwisho ili ini lisinyae na kumpisha mpasuaji. Chakula hicho ukifuate kama ulivyoelekezwa, bila kujitungia chako.

Kusema kweli mbele ya tabibu

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku Tanzania ni asilimia 8.7, wanaume wakiwa asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Wanawake hao wachache huificha tabia yao zaidi, kwa kuwa jamii huwahukumu kwa ukali kuliko wanaume, na wako bibi na mama zetu wanaonusa au kubwia ugoro tangu ujana wao, ambao wakiulizwa hospitali "Unavuta sigara?" hujibu kwa dhamiri safi kwamba hawavuti. Jibu hilo ni kweli, lakini halimsaidii tabibu. Ugoro una nikotini, na nikotini hubana mishipa hata ikipita puani au mdomoni. Shisha ina moshi wenye hewa ileile ya sumu. Sigara nyingi za umeme zina nikotini. Na bangi nayo ina moshi unaochafua mapafu. Vyote vitajwe, kwa kiasi na kwa muda.

Hospitali nyingi, tena, hazitegemei neno peke yake. Nikotini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kotinini, ambayo hubaki katika damu na mkojo siku kadhaa baada ya sigara kuzimwa, na hupimwa kwa urahisi. Anayetumia bandiko au ubani wa nikotini naye kipimo chake kitaionyesha, ndiyo sababu nyingine ya kumweleza tabibu mapema. Lakini hata kama kipimo hakipo, mwenye kumficha mpasuaji hadhulumu mtu ila nafsi yake, kwani anayejua kwamba mgonjwa ni mvutaji huweza kuahirisha, huweza kumpa mazoezi ya kupumua, huweza kumwangalia kwa makini zaidi. Asiyejua hana la kujihadhari nalo.

Ukiteleza

Wengi hawafaulu mara ya kwanza, na kuteleza si kuanguka moja kwa moja. Ukivuta sigara moja, usiseme kwamba kila kitu kimeharibika ukamaliza pakiti. Zima, fungua daftari, andika mahali na sababu, kisha endelea kuanzia hapo. Ikiwa zimebaki wiki chache kabla ya tarehe, mjulishe tabibu. Aibu ya kusema hupita kwa siku moja, bali jaraha lisilopona hukaa miezi. Nanyi jamaa, msimlaumu mbele za watu. Muulizeni mnaweza kumsaidia nini, mwende naye matembezi ya jioni, na msimtume dukani kuwanunulia sigara.

Baada ya upasuaji

Yuko anayefikiri kwamba wiki 6 ni kifungo, na akitoka hospitali amefunguliwa. Hilo ni kosa la hatari. Kile kidonda cha pale utumbo ulipounganishwa huweza kutokea miezi na hata miaka baada ya upasuaji, kwa mtu aliyeirudia sigara. Na madawa ya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambayo wengi huyanunua dukani bila kuandikiwa, huzidisha hatari hiyo, hivyo uliza hospitali dawa gani ya maumivu inakufaa. Pombe nayo, hasa baada ya njia ya mkato, hupanda kichwani upesi zaidi kuliko zamani, na baadhi ya watu walioiacha sigara na kupunguza chakula huhamishia uraibu wao huko, basi jihadhari mapema. Vitamini na madini utakayoandikiwa utayatumia maisha yako yote, na tarehe za kurudi kuonana na tabibu zitimizwe, iwe ni Dar es Salaam, Mbeya au Vwawa.

Sheria ya nchi ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na Tanzania iliuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Lakini hapana sheria wala mkataba utakaofika kibandani kuuzuia mkono wako. Kazi hiyo ni ya azma yako, ikisaidiwa na watu wa nyumba yako na matabibu wako. Basi, ndugu msomaji, usingoje tarehe ya hospitali. Chukua daftari leo, andika siku yako ya kuacha, mwonyeshe mtu mmoja unayemheshimu, na wiki hii fika kituo cha afya umwambie tabibu mambo mawili kwa pamoja: kwamba unataka kupunguziwa uzito, na kwamba umeamua kuacha tumbaku.